Chagua Ufa Wako: Ulinzi wa Eneo Kwenye Madden NFL

Wachezaji wengi wa Madden NFL wana lalamiko moja. Umeweka ulinzi wa eneo, watu saba wamerudi kuzuia pasi, na bado mpokeaji wa mpinzani anadaka mpira akiwa peke yake, kama vile uwanja mzima ameachiwa yeye. Unabadilisha mpango, unapigwa palepale. Unahamia ulinzi wa mtu kwa mtu, unakutana na mpokeaji mwenye mbio za ajabu, na hapo ndipo unapokoma kabisa.

Gemu haikuonei. Hakuna ulinzi wa eneo usio na ufa, kwa sababu hesabu yenyewe haikubali. Uwanja wa NFL una upana wa futi 160, yaani yadi 53 na thuluthi moja. Ukituma wanne kumkimbiza kwotabeki, umebakiwa na saba. Kwenye Kava 3, watatu wanalinda nyuma, kila mmoja akibeba karibu yadi 18 za upana, na wanne walio mbele yao wana yadi 13 na ushei kila mmoja. Kwenye Kava 2, wawili wa nyuma wanabeba karibu yadi 27 kila mmoja, mzigo usiobebeka, ila watano wa mbele wamebanana vizuri chini ya yadi 11. Kava 4 inafunga nyuma kwa watu wanne na kuwaachia watatu tu eneo lote la mbele. Ukiziba huku, kunavuja kule. Kwa hiyo acha kutafuta mpango usiovuja. Amua mapema ufa utakuwa wapi, halafu uusimamie wewe mwenyewe, kwa mchezaji unayemwendesha kwa mkono wako.

Anza kwa kusoma rangi. Ukichagua mpango wa ulinzi, skrini inakuchorea maeneo. Buluu iliyokolea ni walinzi wa nyuma kabisa. Njano ni wale wa kati, nyuma kidogo ya mstari wa kuanzia. Buluu ya maji ni walinzi wanaokaa pembeni karibu na mstari. Zambarau ndiyo rangi inayowachanganya wengi: huyu hurudi nyuma kwanza, kisha hushuka pembeni akiona mtu ameingia huko. Maana yake ni kwamba mpinzani akirusha haraka pembeni, wa zambarau atachelewa, na huo si uzembe wake, ndivyo alivyotumwa. Ukiona mpango wako una zambarau pande zote mbili, jua tangu hapo kwamba pasi fupi za pembeni umeziuza. Kama mpinzani anahitaji yadi nane, biashara hiyo ni nzuri. Kama anahitaji mbili, umempa zawadi.

Matoleo ya miaka ya karibuni yanakuruhusu pia kupanga kina cha walinzi hawa kwa yadi, kwenye menyu ya marekebisho ya kocha. Hii ni silaha ambayo wengi hawaigusi. Ukiiacha ilivyo, walinzi hucheza kwa kawaida yao, wakielea katikati ya pasi fupi na pasi ya wastani bila kuzuia yoyote sawasawa. Ukiwaambia wa zambarau wasimame yadi 15, watakwenda kusimama yadi 15, na pasi nyingi za kugeukia pembeni kwenye jaribio la tatu zitakutana na mtu. Bei yake ni kwamba hata mpokeaji akisimama yadi tano mbele yao, hawatashuka upesi. Basi rekebisha kulingana na hali: kina kirefu jaribio la tatu likiwa na yadi nyingi, kina kifupi au kawaida likiwa na yadi chache. Kosa la kawaida ni kuweka yadi 20 kwenye robo ya kwanza na kusahau hadi mwisho wa mechi, huku mpinzani anakula yadi sita sita bila jasho.

Sasa yule unayemwendesha. Anayeanza hupenda kumchukua mmoja wa wale wanne wanaomkimbiza kwotabeki, kwa sababu hapo hawezi kuharibu. Ni kweli, haharibu, lakini hazibi kitu. Chukua lainibeka wa kati, mwenye njano. Yuko karibu na kila kitu kinachopita katikati, na katikati ndiko wapinzani wengi wanakotazama kwanza. Seifti wa nyuma mwache kwa sasa, maana kosa lake moja ni tachidauni.

Mpira ukianzishwa, usikurupuke kwenda mbele. Rudi hatua mbili tatu, ukiwatazama wapokeaji wa ndani badala ya kumkodolea macho kwotabeki. Swali la kwanza: kuna anayekwenda moja kwa moja kupitia katikati? Mara nyingi ni taitendi au mpokeaji aliyesimama ndani. Kama yupo, nenda naye mpaka umkabidhi kwa seifti. Kama hayupo, tafuta anayekatiza kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kisha simama mbele ya njia yake. Usimfukuze kwa nyuma. Aliyekwisha kukupita humpati, ila mpira unaomfuata unaweza kuupata ukisimama pale unapopita. Na kidole chako kisigande kwenye kitufe cha kukimbia kasi. Mchezaji anayekimbia kasi hugeuka kwa duara kubwa, na duara hilo ndilo linalompa mpokeaji nafasi ya kudaka.

Mpinzani akijifanya anampa mbebaji mpira kisha anarusha, walinzi wanaoendeshwa na gemu husita kidogo. Wewe usisite. Ukiona walinzi wa mstari wake hawasogei mbele kusukuma, wanarudi nyuma kama wanaokinga, hiyo ni pasi, hata kama mbebaji amekumbatia hewa kwa ustadi wa kuigiza.

Nitakaa kidogo kwenye shambulio moja, kwa sababu ndilo linalovunja Kava 3 kuliko jingine lolote, na ukilielewa hili utayaelewa mengi. Mpinzani anapanga wapokeaji watatu upande wa kulia. Mpira ukianza, wa nje kabisa anakwenda moja kwa moja mbele, akimvuta konabeki wako hadi nyuma. Wa pili anakimbia yadi 12 hadi 15 kisha anakata kuelekea ukingoni. Wa tatu anateleza pembeni, yadi tatu nne tu kutoka mstarini. Mara nyingi kwotabeki mwenyewe hukimbilia huko huko kulia. Hesabu yako upande ule: konabeki mmoja, tayari yuko nyuma na mtu wake, na mlinzi mmoja wa zambarau kati ya watu wawili. Akishuka kwa wa chini, mpira unakwenda kwa wa kati. Akibaki juu, mpira unakwenda chini. Kwotabeki hana haja ya kufikiri, anamtazama mlinzi huyo mmoja na kufanya kinyume chake.

Ukiwa jaribio la kwanza na yadi 10, jibu ni kuchagua. Zambarau wa upande ule asimame kwenye kina cha yadi 15, afunge yule wa kati. Wewe na lainibeka wako sogea upande huo mara tu unapoona watatu wamepangwa pamoja, kabla mpira haujaanzishwa, lakini usisogee kiasi cha kuacha katikati wazi, hatua mbili zinatosha. Mpira ukirushwa chini, umempa yadi nne. Fika, mwangushe, mwambie arudie. Wachezaji wengi hawana subira ya kupanda uwanja mzima kwa yadi nne nne. Baada ya mara tatu hivi watalazimisha mpira kwa yule wa kati, na wewe uko pale.

Jaribio la tatu likiwa na yadi tatu, jibu hilo halifai, maana yadi nne ndizo anazozitaka. Hapo badilisha mpango wenyewe. Kava 6 inacheza nusu ya uwanja kama Kava 4 na nusu nyingine kama Kava 2. Hakikisha upande wa Kava 4 ndio unaoelekea wapokeaji watatu. Konabeki atamchukua anayekwenda nyuma, seifti atashuka kwa yule wa kati anayekata kuelekea ukingoni, na mlinzi wa pembeni atabaki na yule wa chini. Watatu kwa watatu. Kama gemu imeupeleka upande wa Kava 4 kusikotakiwa, geuza mpango kabla ya mpira kuanzishwa. Kuna kitufe cha kufanya hivyo na ni aibu kutokijua.

Shambulio la pili linaloivunja Kava 3 ni watu wanne kukimbia moja kwa moja mbele. Nyuma una watatu. Seifti wa kati anabaki na wawili, mmoja kila mkono, na hawezi kugawanyika. Hapa wewe, mwenye njano, ndiye mtu wa nne: chagua mmoja wa wale wa ndani, kimbia naye ukiwa mbele yake kidogo na chini ya mpira, umwachie seifti yule mwingine. Au tumia mipango yenye neno Match kwenye jina. Kwenye mipango hii mlinzi huanza kwenye eneo lake, lakini mpokeaji akipita kwake kwenda nyuma, anamfuata kama mtu kwa mtu. Inafunga mikimbio ya moja kwa moja vizuri sana. Hupata taabu wapokeaji wakibanana kundi moja na kupishana mapema, kwa hiyo usiitegemee mbele ya mpinzani anayependa kupanga watu wake karibu karibu. Na ukiichagua, usiichezee kwa kubadilisha kazi ya mchezaji mmoja mmoja. Inafanya kazi kwa sababu wote wanafuata kanuni moja.

Kava 2 inaogopwa kupita kiasi, kwa maoni yangu. Nyufa zake zinajulikana: katikati nyuma kati ya maseifti wawili, na ukingoni, yadi 15 hadi 20, nyuma ya konabeki na mbele ya seifti. Pasi ya ukingoni ni ngumu, inataka mkono wenye nguvu na kwotabeki asiyesumbuliwa. Ya katikati ndiyo hatari, na ndiyo iliyozaa Tampa 2. Tony Dungy alipochukua ukocha wa Tampa Bay Buccaneers mwaka 1996, akiwa na Monte Kiffin kama mratibu wa ulinzi, waliufanya mpango huu kuwa chakula cha kila siku. Mizizi yake ilikuwa kwa Pittsburgh Steelers ya miaka ya 1970, ambako Dungy alicheza. Siri ni lainibeka wa kati: pasi ikithibitika, anageuka na kukimbia nyuma kuziba pengo la maseifti. Kwenye gemu, mtu huyo ndiye wewe. Usimwachie kompyuta, maana hurudi nyuma hata pale ambapo hakuna mtu anayekwenda huko, na kuacha shimo mbele yake. Wewe unaweza kuona kwamba hakuna anayekimbia katikati na ukabaki mbele.

Buccaneers hao, wakiwa sasa chini ya Jon Gruden huku Kiffin akibaki kwenye ulinzi, walishinda Super Bowl XXXVII Januari 2003 kwa 48–21 dhidi ya Oakland Raiders. Walinyaka pasi tano za Rich Gannon, kwotabeki wa Raiders, na kurudisha tatu kati ya hizo hadi tachidauni, mojawapo ikiwa ya lainibeka Derrick Brooks, mwendo wa yadi 44. Ukitazama mechi hiyo tena, watazame Warren Sapp na Simeon Rice wa mstari wa mbele. Wanne wa mbele walimbana kwotabeki bila kuhitaji msaada, na ndiyo maana saba wa nyuma walikuwa na muda wa kutazama mpira. Ulinzi wa eneo ukipewa kwotabeki mwenye sekunde nyingi, nyufa zote hufunguka.

Hapo ndipo wengi wanapokosea njia. Wakiona pasi zinapita, wanaongeza watu wa kushambulia, watano, sita, na kuendelea kuita ulinzi wa eneo nyuma yao. Ukituma sita, wamebaki watano kwa yadi zile zile 53. Bora uwaboreshe wanne ulio nao: waweke wenye kasi pembeni kwenye majaribio ya pasi hata kama ni wepesi wa mwili, na wapange wapishane njia ili walinzi wa mpinzani wachanganyikiwe. Mara moja moja fanya kinyume: tuma watatu, rudisha wanane. Mpinzani aliyezoea kuona wanne hupoteza muda akitafuta pasi ambayo haipo. Ila usiirudie mara mbili mfululizo, maana ya pili atakaa nyuma ya walinzi wake hadi kesho.

Kama kwotabeki wake ni mkimbiaji, kuna chaguo la kumweka mlinzi mmoja amtazame yeye tu, rangi ya chungwa. Linasaidia, lakini limekula mtu mmoja kwenye eneo. Mimi huwaambia walinzi wa pembeni wa mstari wamzuie asitoke nje, na shughuli ya katikati naimaliza mwenyewe na lainibeka.

Wachezaji nao. Kwa ulinzi wa eneo tazama kwanza alama ya kulinda eneo na ile ya kusoma mchezo, kisha kasi. Konabeki mzito kidogo ambaye angeaibika kwenye mtu kwa mtu anaweza kukufaa sana hapa. Seattle Seahawks ya kocha Pete Carroll ilijenga Kava 3 yake kwa makonabeki warefu kama Richard Sherman, seifti Kam Chancellor mwenye mwili akishuka karibu na mstari, na seifti mwenzake Earl Thomas, mwenye mbio, peke yake nyuma katikati. Februari 2014 waliifunga Denver 43–8 kwenye Super Bowl XLVIII. Iga mpangilio huo: seifti wako mwenye kasi kuliko wote akae nyuma katikati, mzito ashuke. Gemu mara nyingi inawapanga kinyume na hivyo kwa sababu ya namba za jumla, kwa hiyo kagua orodha yako kabla ya mechi. Kagua pia idadi. Mpinzani akiweka wapokeaji watatu, ingiza kundi lenye walinzi watano wa pasi. Akiweka wanne, sita. Lainibeka mzito aliyeachwa pembeni na mpokeaji mdogo ni msiba unaojulikana mapema.

Mpinzani mzuri hasubiri mpira uanzishwe. Anahesabu maseifti: wawili nyuma, anadhani Kava 2 au 4; mmoja, anadhani Kava 3 au Kava 1, yaani mtu kwa mtu na seifti mmoja nyuma. Mdanganye. Onyesha wawili, kisha mmoja ashuke mpira unapoanzishwa, ucheze Kava 3. Makocha kama Vic Fangio wamejenga jina kwa mchezo huu wa kuonyesha sura moja na kucheza nyingine. Sharti ni moja: ukitaka sura ile ile ifanye kazi, ionyeshe pia siku ambayo huna hila yoyote. Maseifti wawili wakionekana tu unapodanganya, hujadanganya mtu.

Kwa wanaocheza EA Sports College Football, gemu ya vyuo iliyorejea mwaka 2024 kwa College Football 25, kuna tofauti ya kuzingatia. Mistari midogo ya ndani ya uwanja, ambayo mpira huwekwa juu au kati yake, iko futi 40 mbali kwenye uwanja wa vyuo, wakati NFL ni futi 18 na nusu tu. Mpira ukiwa kwenye mstari wa kushoto, upande wa kulia unakuwa mpana ajabu. Pale Kava 6 ni dhahabu: Kava 4 kwenye upana, Kava 2 kwenye ufinyu.

Karibu na lango, ndani ya yadi 20, mambo hurahisika. Mstari wa mwisho wa uwanja ni mlinzi asiyechoka, hakuna anayeweza kukimbilia nyuma yake. Rudisha kina cha walinzi kuwa kifupi, tumia Kava 2 au Kava 4, na wewe kaa katikati kwenye mstari wa goli. Hapo usihangaike na ukingo. Pasi ya kati iliyonyooka ndiyo inayoua.

Mpira ukiwa hewani, tulia. Ukibadilisha mchezaji sekunde ya mwisho, mara nyingi unamvuruga mlinzi ambaye gemu ilikuwa imemweka vizuri. Badilisha tu kama huyo mpya yuko mbele ya mpokeaji na anaukabili mpira. Kitufe cha kunyaka, pembetatu kwa wenye PlayStation, kitumie ukiwa ndani, kati ya mpira na mtu. Ukiwa nyuma ya mpokeaji, piga mpira chini au subiri adake umwangushe. Na kwenye kuangusha, usimrukie mtu kwa kishindo ukiwa wa mwisho nyuma. Mkamate.

Mazoezi yake si kucheza mechi nyingi. Ingia kwenye hali ya mazoezi, chagua upande wa ulinzi, na uipe kompyuta shambulio lile lile lililokutesa juzi. Lile la watatu upande mmoja, kwa mfano. Weka Kava 3 bila kugusa kitu, uone linavyopita. Sogeza kina cha zambarau, rudia. Weka Kava 6, rudia. Kila mara tazama marudio kwa kamera ya juu, ambako unawaona wote 22 kwa pamoja, na uyasimamishe pale kwotabeki anapoinua mkono. Hapo ndipo ufa unapoonekana waziwazi. Kisha badili upande: chukua wewe shambulio, kompyuta ichukue Kava 3 yako, ujaribu kuivunja. Pasi utakayoipata kwa urahisi ndiyo ile mpinzani wako atakayoirusha kwenye jaribio la tatu.